Hesabu Kwanza, Maji Baadaye

Leo tuweke programu kando tuongee kuhusu maji. Ndiyo, maji ndani ya tarakilishi. Wengi hudhani mambo haya yalianzishwa na vijana wa kucheza gemu. La hasha! IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji. Kila chipu iligandamizwa na pistoni ndogo ya alumini yenye springi, heliamu ikajazwa kuzunguka pistoni, na juu yake likakaa bamba lenye maji baridi. Yote hayo kwa chipu ya wati 4 hivi!

Lakini hadithi inayonikosha ni ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1981 David Tuckerman na Fabian Pease walijiuliza: joto linakwama wapi hasa? Hesabu ikawaonyesha kwamba tatizo kubwa si silikoni. Ni pale joto linapotoka ukutani kuingia majini. Maji yakipita kwa utulivu katika mfereji mwembamba, ukipunguza upana kwa nusu, joto huhama kwa wepesi maradufu. Mbona basi usiendelee kupunguza tu? Kwa sababu maji nayo yana unato wake, na pampu itashindwa kuyasukuma.

Basi wakachonga mifereji ya mikromita 50 hivi kwenye silikoni yenyewe, wakapitisha maji, wakapima. Wati 790 kwa sentimita mraba, na silikoni ilipanda nyuzi 71 tu juu ya maji yaliyoingia. Gawanya mwenyewe: nyuzi 0.09 kwa kila wati. Kipimo kilikubaliana vizuri na nadharia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa tarakilishi ng'ambo walikuwa wakiunganisha rejeta ndogo za hita za magari na pampu za matangi ya samaki. Hapo ndipo namba za kwenye boksi zilipowachanganya wengi. Pampu huandikwa kimo cha juu cha maji na lita kwa saa. Zote mbili ni kweli, ila haziji pamoja kamwe: kimo hupimwa maji yakiwa yamesimama, lita hupimwa bila kizuizi chochote. Chora mchoro wa pampu, kisha wa bloku na rejeta, ambazo ukinzani wake hukua karibu na mraba wa mtiririko. Mistari inapokutana, huo ndio mtiririko wako. Kwa mtiririko huo tafuta nyuzi kwa wati za bloku na za rejeta, jumlisha, zidisha kwa wati za chipu, ongeza joto la chumba. Kwa sisi tunaoagiza vipuri na kulipia ushuru, karatasi hiyo moja ni pesa.

Je, pampu kubwa zaidi? Wati 100 zikiingia katika lita moja kwa dakika, maji hupanda nyuzi 1.4 hivi. Ukifikisha lita nne, hapo umeokoa nyuzi moja tu. Bloku nayo itafaidika kidogo, lakini pampu hiyo kubwa itamwaga wati zake mumo humo majini.