Hitilafu

"Ndege ilipata hitilafu," husema watangazaji, kana kwamba imepata mafua. Neno lenyewe, lililotoka Kiarabu, lina maana pia ya tofauti, kutoafikiana. Ndivyo ilivyokuwa hasa Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ilipoanguka karibu na Bishoftu na kuua watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kihisi cha kushoto cha pembe ya ndege dhidi ya hewa kilisoma nyuzi 74.5, cha kulia kama 15. Programu ya ndege hiyo, Boeing 737 MAX, ikasikiliza kimoja tu, kile kilichopotoka, ikawa inakandamiza pua chini. Kimoja tu! Hapo "ilipata" hainitoshi: kuna aliyeibuni programu hivyo, na aliyeipitisha. Novemba 2021, katika kesi ya ajali hiyo huko Chicago, Boeing ilikubali kuwajibika.