Oksijeni ya mtoto wakati wa upasuaji wa njia ya hewa

Sote tumeona mtoto akipaliwa na karanga. Ikishuka katika njia ya hewa, daktari huitoa kwa bomba la chuma linalopitishwa mdomoni hadi kwenye mirija ya mapafu. Lakini njia ni moja: mtoto anapumulia humo, daktari anafanya kazi humo. Mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito, na akiba yake ni ndogo. Kwa hiyo hupewa oksijeni mapema, kisha kupitia bomba lenyewe au puani. Mashine ya oksijeni hutegemea umeme. Mtungi uliojaa uwe karibu. Nasi wazazi, mtoto akianza kukohoa ghafla anapokula na kikohozi kisiishe, tusingoje kesho: twende hospitali.