Kazi ya Kila Siku na Woga: Namna Wakristu wa Kongo Walivyomtumainia Mungu



Katika sikukuu ya yubile ni desturi kuhesabu: watu wangapi wamebatizwa, ndoa ngapi zimebarikiwa, vikanisa vingapi vimejengwa vijijini. Hesabu hiyo ni njema, kwa maana inatupa sababu ya kumshukuru Mungu. Lakini kuna historia nyingine ambayo vitabu vya parokia haviiandiki. Ni historia ya Mkristu aliyeamka alfajiri, akashika kasia au jembe lake, moyo wake ukiwa na hofu, naye akaenda kazini kwa sababu alimtumainia Mungu. Historia hiyo ndiyo tunayotaka kuikumbuka hapa kidogo, kwa kuwatazama watatu wa nchi yetu ambao Kanisa limekwisha kuwaita Wenye Heri.

1. Mto wetu na woga wetu

Yanonge imekaa ukingo wa kushoto wa mto Kongo, karibu kilomita 60 chini ya Kisangani. Chini zaidi, ng'ambo ya kuume, iko Yangambi, ambapo utafiti wa mambo ya kilimo umefanyika kwa miaka mingi. Walokele ni watu wa mto, wavuvi na wachuuzi. Ngoma zao za mti zilikuwa zikipeleka habari kijiji hata kijiji kabla ya simu kujulikana. Wambole ni watu wa msitu na mashamba. Wote hukutana sokoni: huyu na samaki, huyu na mihogo, mchele, ndizi na mafuta ya ngazi.

Kila kazi ya hapa ina woga wake. Anayevuka mto anajua namna upepo wa mvua unavyoinuka ghafula na kuujaza mtumbwi maji. Anayelima anajua kwamba nguruwe wa mwitu wanaweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Mama anayepeleka mzigo Kisangani huhofia barabara, huhofia watu watakaomdai fedha njiani, tena huhofia bei atakayoikuta sokoni. Wazee wetu hawakuwa bila woga, nasi hatuko bila woga.

Hata lugha tunayoomba nayo ina historia ya woga. Kingwana kilifika huku juu pamoja na misafara ya Wangwana, watu wa Tippu Tip, ambaye Dola Huru ya Kongo ilimfanya liwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Kwa vijiji vingi vya mto, lugha ile ilikuwa lugha ya bunduki, ya pembe za ndovu na ya minyororo. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alifika Stanley Falls akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Wengi wa wenzake wa kwanza walikufa kwa homa wangali vijana. Lakini kazi haikukatika, na lugha iliyowatisha babu zetu ikawa lugha ya kumwita Mungu Baba. Tukio hilo peke yake latosha kutufundisha kwamba Mungu anaweza kukigeuza kitu cha hofu kuwa chombo cha wokovu.

2. Isidori Bakanja, mfanyakazi

Wa kwanza ni Isidori Bakanja, aliyezaliwa karibu na mwaka 1887 katika nchi ya Ekwateri. Hakuwa padri wala mwalimu wa kalasi. Alikuwa kijana wa vibarua, aliyekwenda kutafuta kazi Mbandaka, mji ulioitwa zamani Coquilhatville, akawa msaidizi wa waashi. Huko ndiko alikoisikia Injili, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa rozari na skapulari ya Bikira Maria. Tangu siku ile alivaa skapulari shingoni kama alama ya Ukristu wake, hata wakati wa kazi.

Mkataba wake ulipokwisha, aliingia kazi ya boi kwa Mzungu mmoja wa kampuni kubwa ya biashara, akamfuata mpaka posti ya Ikili. Ilikuwa miaka ya mpira, wakati makampuni yalipotafuta faida msituni na fimbo ilipokuwa sheria. Bakanja alifanya kazi yake vizuri. Na baada ya kazi aliwafundisha wenzake sala. Hapo ndipo neno lilipozuka. Mkubwa wa posti hakuwapenda wamisionari, akaona kwamba watu wakijifunza kusali hawatafanya kazi tena. Akamwamuru avue skapulari na kuacha kufundisha. Bakanja alimtii katika kazi, lakini katika jambo hili hakuweza kumtii.

Alipigwa mara ya kwanza. Mwezi wa Februari 1909 alipigwa tena, mapigo zaidi ya mia, kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari. Mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Akafungwa minyororo, baadaye akaondolewa ili mkaguzi wa kampuni aliyekuwa njiani asimwone. Akajificha msituni, akajikokota mpaka akakutana na mkaguzi huyo, ambaye alishtuka kuona hali yake akamchukua ili atunzwe. Lakini vidonda vilikuwa vimeoza. Mapadri walifika mwezi wa Julai wakampa sakramenti. Walipomshauri amsamehe aliyempiga, alijibu kwamba hana chuki naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Alikufa mwezi wa Agosti 1909. Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Tuangalie neno moja. Bakanja hakuikimbia kazi kwa kisingizio cha sala, wala hakuiacha sala kwa kisingizio cha kazi. Mkubwa wake alifikiri kwamba mtu hawezi kutumikia vizuri duniani akiwa na Bwana mwingine mbinguni. Maisha ya Bakanja yalionyesha kinyume chake. Aliyemtumainia Mungu ndiye aliyefanya kazi yake bila hila.

3. Anuarite Nengapeta, mtumishi wa wote

Wa pili anajulikana sana kwetu, kwa maana ni binti wa Kongo ya juu. Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 katika nchi ya Wamba, kabila la Wabudu. Jina la Nengapeta, katika lugha ya kwao, lasema kwamba utajiri unadanganya. Aliingia shirika la masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, na tarehe 5 Agosti 1959 alifunga nadhiri akaitwa Sista Maria-Klementina.

Mtu akiuliza alifanya makuu gani kabla ya kifo chake, jibu ni fupi: alifanya kazi. Alifundisha watoto wa kalasi za chini, alipika, alitunza sakristia. Waliomfahamu walisimulia kwamba alipenda kuwapendeza wengine kwa kuwatumikia, na kwamba alikuwa tayari kuikamata kazi ambayo wengine waliikimbia. Walisimulia pia kwamba alikuwa na hasira ya haraka, akajitahidi kuishinda. Hayo ndiyo aliyoyapanda siku baada ya siku.

Mwaka 1964 ukaja. Mwanzoni mwa Agosti Masimba waliuteka mji wa Kisangani. Kwa miezi mingi watu wa eneo letu lote waliishi na hofu: walioonekana wamesoma walitafutwa, makarani wa serikali waliuawa, jamaa zikakimbilia msituni. Tarehe 24 Novemba maparashuti wa Ubelgiji walishuka Kisangani, na huko mashambani kisasi kikazidi. Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliuawa siku mbili baadaye. Mapadri na mabruda 28 wa Moyo Mtakatifu walipoteza maisha mwaka ule, na Wakongo wasiohesabika waliuawa pamoja nao, wengi bila kaburi linalojulikana.

Tarehe 29 Novemba Masimba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori, wakawapeleka mpaka Isiro. Huko mkubwa mmoja wa jeshi lao alimtaka Anuarite kuwa mke wake. Yeye alikataa. Inasimuliwa kwamba jioni ile chakula kilipoletwa hakuweza kula kwa sababu ya woga. Neno hili tusilipite haraka. Anuarite aliogopa. Aliwaomba wenzake wamsindikize kwa sala. Imani haikumwondolea hofu mwilini. Ilimpa nguvu ya kusema hapana pamoja na hofu hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 alipigwa, akachomwa visu vya bunduki, kisha akapigwa risasi. Kabla ya kufa alimwambia mwuaji wake kwamba amemsamehe, kwa maana hajui analolitenda.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, na katika ibada ile ile alitoa msamaha kwa mwuaji kwa jina la Kanisa lote. Hivyo neno la sista mmoja, alilolisema usiku bila msaada wa mtu, likawa neno la Kanisa zima.

4. Floribert Bwana Chui, karani wa mpakani

Wa tatu ni wa siku zetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akajiunga na jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani kusoma. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: kuangalia kama chakula kinachoingia nchini ni kizima, na kama kimeoza kukiharibu.

Sote twajua majaribu ya kazi ya namna hiyo. Walimletea fedha ili aachilie chakula kilichooza kipite, akakataa. Wakamshurutisha kwa simu, akakataa. Alimweleza sista mmoja wasiwasi wake, akisema kwamba watu wangekula kitu kile na kudhurika. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo.

Hapakuwa na mtu aliyemwambia aikane imani yake. Walimwomba sahihi tu, na hiyo sahihi ingalimtajirisha. Lakini yeye alitambua kwamba karatasi ile ya ofisini ndiyo iliyokuwa altare yake siku ile.

5. Nasi wa Yanonge?

Wengine watasema: hao ni watakatifu, sisi ni watu wa kawaida. Lakini mwashi msaidizi, mpishi na karani ni watu wa kawaida. Walipofikiwa na saa ya hofu kuu walikuwa wamekwisha zoea kumtumainia Mungu katika mambo madogo. Mtu hawezi kujifunza kupiga kasia siku ya tufani. Hujifunza siku mto umetulia.

Na sisi tunajaribiwa katika mambo madogo. Mvuvi hujaribiwa kutia sumu katika kijito, kwa hofu kwamba leo watoto watalala njaa. Mwenye duka hujaribiwa kupunguza kipimo. Mwalimu asiyelipwa kwa miezi mingi hujaribiwa kuuza pointi za mtihani. Mtoto akiugua usiku, majirani hunong'ona neno la uchawi, na Mkristu aliyepokea Ekaristia Jumapili hujaribiwa kwenda kwa mpiga ramli Jumatatu, amtafute wa kumshitaki. Jamaa ngapi zimevunjika, wazee wangapi wamefukuzwa kwao, kwa sababu ya hofu ile? Hapa ndipo imani yetu inapopimwa, zaidi ya siku za maandamano na vigelegele.

Tusiwahukumu pia wale walioshindwa. Katika miaka ya vita kuna walioficha rozari zao, na walionyamaza ilipofaa kusema. Petro naye alianza kuzama alipouona upepo, lakini alilia kwa Bwana, na mkono ukamshika. Mahali pengi ambapo mapadri walikuwa wameondoka au kuuawa, ni makatekista waliowakusanya tena watu hao, wakawasalisha Jumapili chini ya mti au katika kanisa lisilo na paa. Watu wale walioogopa ndio waliorudi kujenga, nasi ni watoto wao.

Basi, katika yubile hii tumshukuru Mungu kwa ajili ya wote waliotutangulia, wenye majina na wasio na majina: wapiga kasia waliowavusha mapadri, mama waliopika kwenye mafunzo ya wakatekumeni, makatekista waliotembea kwa miguu kijiji hata kijiji, waashi waliochoma matofali. Tuwaombe Isidori, Anuarite na Floribert watuombee. Na kesho alfajiri, sikukuu ikiisha na wageni wetu wakirudi kwao salama, kila mmoja wetu ashike tena jembe, wavu, chaki au kalamu yake, afanye kazi yake kwa haki, na hofu yake aikabidhi kwa Bwana.