Pedeli katika Nyanda za Juu za Buha

Kabla ya gurudumu, Buha ilikuwa nchi ya miguu na vichwa. Katika milima ambayo leo ni wilaya za Kasulu, Kibondo na jirani zake, magharibi mwa Tanzania, Waha waliishi chini ya tawala za Heru, Muhambwe na nyinginezo, kila moja na mwami wake. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa katika bonde la Malagarasi, ilipandishwa milimani ikiwa imebebwa kichwani. Mbung'o wa mabonde waliwaua punda na farasi, kwa hiyo hapakuwa na mnyama wa kutegemewa kubeba mzigo kwa mwendo mrefu. Henry Morton Stanley alipokatiza Buha mwezi Novemba 1871, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, shehena yake ilikuwa mabegani mwa wapagazi, na nguo alizolipa hongo kwa wakuu wa Buha zilikuwa nyingi hata akaamua kuwapita waliobaki usiku, kwa njia ya porini. Nguvu ya usafiri ilikuwa moja tu: mwili wa mtu. Historia ya baiskeli katika nchi hii inaanzia kwenye ukweli huo, na ndiyo maana haifanani na historia yake huko ilikozaliwa.

Huko Ulaya baiskeli ilianza kama chombo cha starehe. Mwaka 1817 Karl Drais aliendesha mjini Mannheim chombo cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa kupiga miguu chini. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris wakafunga pedeli kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akaleta Rover, yenye magurudumu yanayolingana na mnyororo unaozungusha la nyuma, umbo ambalo mwendesha baiskeli wa Kibondo angelitambua leo bila kuelezwa. Miaka mitatu baadaye, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo. Hapo mahitaji ya mpira yakapanda duniani kote, na sehemu ya mpira huo ikatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya Mfalme Leopold II. Katika utawala wake wa 1885 hadi 1908, watu wa Kongo walilazimishwa kukusanya utomvu porini. Walioshindwa kutimiza kiasi walichapwa, wake zao wakatekwa, na wengine wakakatwa mikono. Baiskeli ilikuwa bado haijapanda milima ya Buha, lakini gharama yake ilikwisha kulipwa na majirani.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Vita vikafuata mara moja. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliteka Kigoma, na eneo hilo likabaki mikononi mwao hadi 1921, lilipokabidhiwa kwa Waingereza. Reli ilipita bondeni. Kasulu na Kibondo zikabaki juu, mbali na stesheni. Serikali ya Kiingereza haikuona huko nchi ya kuendelezwa kwa mazao ya biashara, bali ghala la nguvukazi. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha zilikuwa Tanga, kwenye mkonge. Kwa miongo kadhaa vijana wa Kiha walipanda treni kwenda kuwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuajiri vibarua, SILABU, na Buha ikawa miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa.

Manamba hao ni miongoni mwa watu wa kwanza kuleta baiskeli kwa wingi vijijini. Mtu alikata mkonge kwa miezi mingi, akadunduliza, na mwisho wa mkataba akanunua nguo, blanketi na, akijaliwa, baiskeli ya Kiingereza yenye fremu nzito nyeusi. Ilisafiri naye kwenye treni, kisha akaisukuma kupandisha milima hadi kwao. Naona ni haki kusema kwamba katika chombo kile kulikuwa na sehemu ya ujana wake. Kijiji kizima kilijua ni ya nani, na kengele yake ilitambulika kabla mwenyewe hajaonekana.

Heshima ikageuka kazi pale makazi yenyewe yalipohamishwa. Tayari katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulikuwa umeifanya serikali ya kikoloni kuwakusanya watu wa baadhi ya maeneo ya Buha katika makazi ya pamoja, mbali na mapori ya mbung'o. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, moja ya operesheni za mwanzo za vijiji nchini. Nyumba zilizotawanyika vilimani, kila moja na migomba yake, zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Shule na zahanati zikasogea, lakini mashamba ya zamani yakabaki kule kule yalikokuwa. Umbali huo mpya kati ya mlango na jembe ndio ulioifanya baiskeli kuwa chombo cha lazima. Wakati huo Taifa lilijaribu kuunda za kwake: NABICO ya Dar es Salaam ilitoa baiskeli za Swala, huku Phoenix za Kichina zikisifiwa kwa ugumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zikaadimika. Fundi wa kijijini akawa mtu mkubwa, kwani ndiye aliyejua kuziba tyubu yenye viraka juu ya viraka na kuifanya iende msimu mwingine.

Mnamo Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Kambi za Mtabila, Nduta na Mtendeli nazo zikawa miji kwa wingi wa watu. Wimbi jingine kutoka Burundi, lililoanza mwaka 2015, likafanya Nduta na Mtendeli zifunguliwe upya. Mji wa namna hiyo huhitaji kuni, mkaa, mihogo, ndizi na mawese kila siku, na sehemu kubwa ya mahitaji hayo ilisafiri kwa baiskeli.

Itazame moja ya baiskeli hizo kwa karibu. Karia imeimarishwa kwa nondo zilizochomelewa. Madumu ya mawese yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, mawili kila upande, na juu yake gunia la mihogo mikavu. Penye mteremko mwenyewe anapanda na kuibana tairi kwa soli ya kandambili, maana breki zilikwisha zamani. Penye mwinuko anashuka, anainamisha mgongo hadi karibu na tandiko, na anasukuma. Baiskeli ya Buha husukumwa karibu kama inavyoendeshwa. Na mara nyingi ni ya mwanamume. Mwanamke wa kijiji hicho hicho, akitoka shamba hilo hilo, ameendelea kubeba kichwani. Gurudumu halikumwondolea mzigo kila mtu, na anayeandika historia hii bila kulisema hilo anaacha nusu ya watu nje.

Mbali na hapo, nchi zilizotangulia kutengeneza baiskeli zilikuwa zimeiacha barabara kwa magari, na watu wake wakawa wa kukaa ofisini. Mwili usiofanya kazi ukaanza kutafutiwa kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia California, alibuni baiskeli ya kufanyia mazoezi ndani na darasa la kuendesha kwa pamoja kwa kufuata muziki. Kampuni ya Schwinn ikaanza kuiuza mwaka 1995. Mwaka 2006 SoulCycle ilifunguliwa New York: chumba kidogo, taa hafifu, ada kwa kila kipindi. Mtindo huo ukaenea, na vyumba vya namna hiyo vimefika Nairobi na Dar es Salaam.

Nimeketi katika darasa la aina hiyo upande wa Masaki, Dar es Salaam. Gurudumu ni moja tu, zito, la chuma, na halina pa kwenda. Viatu vinanaswa kwenye pedeli. Mwalimu anaposema tunapanda mlima, kila mmoja anakaza kitasa kilicho mbele yake na miguu inaanza kuelemewa. Jasho ni la kweli, moyo unadunda kweli, na jirani yangu, mtumishi wa benki, alitoka pale akiwa amechangamka kuliko alivyoingia. Sioni sababu ya kumbeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha takribani asilimia 9 ya watu wazima nchini walikuwa na kisukari, na robo hivi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Mwili unadai kile ulichozoea kwa karne nyingi.

Na Buha nayo imeingia katika safari hiyo ya kuupumzisha mwili. Kanuni za mwaka 2010 zilihalalisha pikipiki kubeba abiria, na bodaboda zikashika vilima vya Kasulu na Kibondo. Barabara ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260, ilianza kuwekewa lami. Dumu lililosukumwa nusu siku sasa linafika kwa muda mfupi, na mjukuu wa manamba anayefungua duka Kasulu mjini anaweza kupitisha wiki nzima bila kukanyaga pedeli. Lakini vijijini Muhambwe, wasiomudu mafuta ya pikipiki bado wanasukuma. Na nyuma yao, kando ya lami hiyo hiyo, wanawake bado wanapita na mizigo kichwani.