Kongelateri na klimatizeri: namna ya kuzitia kwenye prizi bila kuchoma nyumba

Kamituga, mji wa dhahabu katika teritware ya Mwenga, mama anayeuza samaki ya barafu ao maji ya sashe anategemea kongelateri. Mwenye farmasi naye anatamani klimatizeri ili dawa zisiharibike na joto. Mashine hizi mbili zinafanana kwa jambo moja: ndani kuna kompresa, na kompresa inakula umeme mwingi kuliko taa na telefone zote za nyumba. Mara nyingi prizi inaikubali, lakini waya ulio nyuma yake hauiwezi. Hapo ndipo moto unaanzia.

Hesabu ya kwanza

Nyuma ya kila mashine kuna kikaratasi kinachoonyesha wati (W) na volti (V). Gawanya wati kwa volti, utapata ampere (A). Klimatizeri ya wati 1.100 kwenye volti 220 inavuta ampere 5. Prizi ya kawaida ya nyumba inabeba ampere 16, hapana zaidi.

Lakini wakati wa kuamka, kompresa inaweza kuvuta mara tatu mpaka mara sita kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana taa zinafifia, na ndiyo maana jeneratere ndogo inazimika hata kama hesabu ya wati ilionekana kutosha.

Angalia pia volti. Klimatizeri nyingi za Marekani, zikiwemo zile za magari ya kulala ndani, ni za volti 120. Ukiitia moja kwa moja kwenye volti 220, itaungua.

Waya na ralonji

Kwa prizi ya mashine kubwa, fundi apitishe waya wa shaba wa milimita mraba 2,5 kutoka kwenye disjonkteri, bila kuunga-unga njiani. Waya mwembamba unapata joto, na ampere zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Ralonji nyembamba ya kuchajia telefone haifai. Kama hakuna njia ingine, tafuta ralonji fupi na nene, yenye waya wa ardhi. Ikunjue yote: ikibaki imezungushwa, joto halitoki na plastiki inayeyuka. Usiipitishe chini ya kapeti, wala usitie ralonji ndani ya ralonji ingine.

Kisha kuna mtihani rahisi. Mashine ikishatumika nusu saa, gusa plastiki ya fishi kwa nje. Ikiwa ya moto, ao imegeuka nyeusi, ao inanuka, zima kwanza kwenye disjonkteri na uite fundi.

Disjonkteri si adui

Disjonkteri ikiruka kila mara, inasema kwamba mzigo umepita kipimo ao kuna waya mbovu. Kuweka ingine kubwa zaidi, ao kufunga kipande cha waya mahali pa fizibo, ni kunyamazisha mlinzi. Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, pamoja na disjonkteri diferansieli ya miliampere 30, ndivyo vinamlinda anayegusa kongelateri kwa mikono yenye maji.

Umeme ukikatika

Chomoa mashine. Umeme ukirudi, mara nyingi volti zinapanda na kushuka. Ngojea dakika tano mbele ya kuwasha tena, juu kompresa haipendi kuamshwa haraka. Volti zikiwa chini jioni, kompresa inashindwa kuzunguka na inaungua yenyewe. Stabilizateri yenye nguvu ya kutosha inasaidia.

Moto ukiwaka

Kata umeme kwanza. Usimwage maji kwenye waya ambao bado una umeme. Tumia mchanga mkavu ao kizima-moto cha unga. Mtu akinaswa na umeme, usimguse kabla ya kuukata. Na kama moto umefika kwenye mbao za ukuta ao plafo, toa watoto nje, ita majirani, acha vitu.