Maua Mbele ya Sanamu ya Buddha

Sisi Wakristu twajua kwa nini tunapamba altare kwa maua, na kwa nini taa huwaka usiku na mchana karibu na tabernakulo. Lakini wafuasi wa Buddha huko Asia nao hupeleka maua na taa hekaluni mwao. Wanafanya hivyo kwa nia gani? Tutazame kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kiliitwa Ceylon.

Katika mji wa Kandy, milimani, kuna hekalu linalotunza jino ambalo Wabuddha wanaliheshimu kama jino la Buddha mwenyewe. Mapokeo yao yasema kwamba lilifika kisiwani katika karne ya 4. Wafalme walilichunga kuliko hazina yote, kwani mwenye jino ndiye aliyehesabiwa kuwa mfalme wa haki. Hata leo ngoma hulia hapo mara tatu kila siku, alfajiri, mchana na jioni, na watu huja na sadaka zao.

Desturi zao ni hizi. Mtu huvaa nguo safi, mara nyingi nyeupe, huvua viatu na kofia. Maua huyachukua kwa mikono miwili, wala hayanusi njiani, maana akiyafurahia yeye kwanza, anatoa masazo. Akiisha kuyaweka mezani, huunganisha viganja na kuinama. Haipatani na heshima kuipa sanamu kisogo. Chakula hutolewa kabla ya saa sita mchana, kwa sababu watawa wao hawali baada ya saa hiyo.

Tusidhani kwamba wanamlisha Buddha. Wanajua kwamba alikuwa mtu na kwamba alikufa. Hawamwiti Mungu Muumba. Ua ni funzo: asubuhi ni zuri, jioni limenyauka, na mwili wetu ni vivyo hivyo. Taa ya mafuta ya nazi ni hekima inayofukuza giza la ujinga. Ubani ni tabia njema, ambayo harufu yake yaenea mbali. Na kutoa kwenyewe kwapunguza choyo. Stahili yake huwagawia hata ndugu zao marehemu.

Katika mji huo huo alifanya kazi Mtakatifu Joseph Vaz, padri wa Goa. Aliingia kisiwani kwa siri mwaka 1687, kwa sababu Waholanzi, Wakristu kama sisi, waliwafukuza mapadri wa Katolika. Huko Kandy alifungwa kwanza, akidhaniwa mpelelezi. Baadaye mfalme, mfuasi wa Buddha, alimwacha ahubiri. Mwaka 1697 ndui ilipoingia mjini, wagonjwa wakatupwa na jamaa zao, naye akawauguza bila kuwauliza dini. Alifariki huko mwaka 1711, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mjini Colombo mwaka 2015.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Basi, tukifika hekaluni kama wageni, tuvue viatu, tunyamaze, tusicheke. Ibada yao hatuifanyi, kwani sadaka yetu ni moja, ni Kristu mwenyewe. Lakini tujiulize Jumapili tunapopeleka vipaji altareni: je, tunampa Mungu ua ambalo hatujalinusa, au masazo yetu?