Kabla ya Kisima

Ukitoka Kiserian kwa matatu ya Magadi, upepo unakupiga ukifika Kona Baridi. Hapo barabara inaanza kuteremkia Bonde la Ufa. Jumamosi moja nilikuwa nakunywa chai ukingoni, jamaa wa nduthi akanionyesha kule chini: "Buda, wakipata mafuta huko, bei ya ploti si itapaa?"

Hakuwa anaota mchana. Huko chini kuna Kitalu 14T, eneo la Magadi ambalo Shirika la Taifa la Mafuta limelifanyia utafiti. Hakuna kisima kinachotoa mafuta. Nikamwambia swali lake lishajibiwa mara mbili, kwingine na hapahapa.

Kwingine ni Turkana. Shell walichimba Loperot mwaka 1992, wakaona dalili za mafuta, wakaondoka. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki akatangaza kwamba Tullow wameyapata kwenye kisima cha Ngamia-1, na safari hii wachimbaji walikaa. Lokichar, kituo kidogo cha barabarani, kikaota loji na baa, na vijana wakapata vibarua vya udereva na ulinzi.

Lakini malisho ya Turkana ni ardhi ya jamii isiyo na hati. Mfugaji akifungiwa njia ya mbuzi wake, hana karatasi ya kupeleka popote. Kwa hiyo mazungumzo yakafanyika barabarani. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana hadi kwenye mitambo wakidai kazi na tenda, shughuli zikasimamishwa kwa muda. Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliyazindua malori ya kwanza ya mafuta ghafi kwenda Mombasa. Hata mwezi haujaisha, watu wakayazuia: serikali ilinde kwanza wao na mifugo yao dhidi ya majambazi.

Nairobi wakati huo ilibishania asilimia. Sheria ya Petroli ya 2019 ikaamua sehemu ya serikali igawanywe hivi: asilimia 75 taifa, 20 kaunti, 5 jamii ya pale mafuta yanapotoka. Agosti mwaka huo shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa, mapipa 200,000 yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Mwaka 2020 Korona ikaingia, bei ya mafuta duniani ikaporomoka, shughuli zikasimama. Vibarua vikaisha.

Hapo ndipo hesabu inapoteleza. Asilimia 5 inasubiri mafuta yauzwe. Malisho yanakatwa tangu siku gari la watafiti linapopita.

Jibu la pili liko kule chini alikoonyesha. Mwaka 1911, mwaka ambao kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa, Wamaasai waliwekeshwa mkataba wa pili wa kuwahamisha Laikipia na kuwaleta kusini. Mwaka 1913 waliupeleka mahakamani. Kesi ikatupwa: mikataba ile ilihesabiwa kama ya mataifa mawili, na mahakama ya koloni haikuwa na uwezo juu yake. Yaani Wamaasai walikuwa taifa pale tu ilipowazuia kusikilizwa. Magadi ikapata reli na mji wa kampuni. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mfugaji wa Kajiado bado anauliza ziwa lile linamfaidi nani.

Tofauti ya leo ni kwamba kuna sheria ya kushika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii iliyosajiliwa lazima ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima mkutanoni. Neno zito hapo ni "iliyosajiliwa". Kajiado, ranchi za vikundi zinakatwakatwa na kuuzwa kila siku, na anayenunua mara nyingi anapewa ahadi ya hati. Mtafutaji wa mafuta akifika, atazungumza na mwenye karatasi. Wengine watasimama barabarani, kama Lokichar.

Nikamrudishia jamaa swali lake: ploti itapaa, sawa, lakini yako ina hati?

Akacheka, akawasha nduthi. "Niko na agrimenti tu. Hati waliniambia inakuja."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

Nikamwambia aanzie hapo, mafuta yanaweza kungoja.